Kabla ya Kutia Sahihi Mkataba wa Uwakala wa Bima



Siku hizi ni nadra kukuta chama cha akina mama kanisani kisicho na mwenzetu anayeuza bima. Ni kazi ya heshima, nayo imesomesha watoto wengi. Ila wengi wa dada zetu hawa huijua fomu ya mteja neno kwa neno, lakini mkataba wao wenyewe na kampuni hawajapata kuusoma hadi mwisho.

Hapa Kenya mikataba mingi ya uwakala husema wazi kwamba wakala si mwajiriwa. Hulipwa kamisheni tu, nayo hukatwa kodi ya asilimia 10 kabla haijamfikia. Basi ile likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara, ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama aliyeajiriwa, yeye hana. Wodini nimewaona akina mama waliopasuliwa jana tu, mtoto kifuani na simu sikioni, wakimbembeleza mteja asiache kulipa. Huwaomba wapumzike, lakini hofu yao naielewa. Asipofikisha kiwango cha mauzo kilichowekwa, mkataba waweza kuvunjwa.

Na ukivunjwa, kamisheni za wateja wanaoendelea kulipa ni za nani? Hapo ndipo penye kilio. Mama ametembea juani miaka 8 akitafuta wateja wa bima ya maisha. Wateja wale bado wanalipa kila mwezi, naye hapati hata senti, kwa kuwa mkataba ulisema kamisheni hukoma siku uwakala unapokoma. Ujerumani, sheria ya biashara humpa wakala wa bima fidia kwa ajili ya wateja aliowaacha, hadi kiasi cha kamisheni ya wastani ya miaka 3, na mkataba hauwezi kumnyima mapema. Huku kwetu tegemeo lako kubwa ni maandishi uliyoyatia sahihi.

Kwa hiyo uliza mapema, na jibu liandikwe. Kamisheni itaendelea ukiachishwa, ukiugua au ukifa? (Ikiwa wakala ni baba watoto, swali hili la mwisho ni lako wewe, mama, kuliko lake.) Utapewa notisi ya siku ngapi? Mteja akiacha kulipa mapema, utarudisha kamisheni kiasi gani? Mimi naona si haki wakala kudaiwa yote wakati ni kampuni iliyomchelewesha mteja. Ahadi ya mdomo ya meneja wa tawi, hata kama mnaabudu pamoja, haitakusaidia.

Weka nakala ya mkataba nyumbani, si ofisini, na daftari la kila mteja na tarehe aliyolipa. Ukinyimwa kamisheni uliyokwisha kuchuma, andika barua na ubaki na nakala. Angalia pia kama mkataba unataka mgogoro upelekwe kwanza kwa msuluhishi. Kama hautaki, na deni halizidi shilingi 1,000,000, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Usikae mno: dai la mkataba hufa baada ya miaka 6.