AFYA YA JAMAA: Nyonga Ikivunjika, Mzee Hajaisha



Katika vijiji vya Kilembwe na katika milima yote ya Lulenge, mzee akiteleza njiani akitoka mtoni, kisha asiweze kuinuka, neno linalosemwa mara nyingi ni hili: "Mzee amekwisha." Humlaza mkekani, humkanda kwa maji ya moto, humwita fundi wa kuunga mifupa, humpa uji. Mwezi wapita, na wa pili nao. Mgongo wapata vidonda, kifua chaziba, na siku ya mazishi watu huulizana ni nani aliyemloga. Juma hili twapenda kusema waziwazi: mara nyingi mzee huyo hakulogwa, wala hakuwa amekwisha. Alivunjika shingo ya paja, na jambo hilo lina matibabu yake.

Kiungo chenyewe

Ninyi wanafunzi, utazameni mchi katika kinu. Mfupa wa paja, huko juu, una kichwa cha mviringo, nacho kimekaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga kama mchi katika kinu. Kichwa na kikombe vyote viwili vimefunikwa gegedu, kitu laini chenye utelezi, ili visisagane. Chini ya kichwa pana shingo nyembamba, na mishipa ya damu inayokilisha kichwa hupanda kwa kuishika shingo hiyo. Shingo ikikatika, mara nyingi mishipa nayo hukatika, na kichwa hufa kwa kukosa damu. Ndiyo sababu fundi wa kijijini, ambaye pengine aliunga mkono wa mtoto ukapona, hawezi kuunga mahali hapa. Si kwamba hana bidii. Mfupa usiopata damu hauungi vema, hata ukifungwa kwa vijiti vya namna gani.

Kiungo hicho huweza kuharibika pia pasipo mtu kuanguka. Katika nchi za Ulaya sababu kubwa ni gegedu kuchakaa kwa uzee. Kwetu Afrika mambo yako mbali kidogo. Waganga wa Malawi walianzisha mwaka 2005 daftari la taifa la kuandika kila kiungo kinachobadilishwa, na katika wagonjwa wa kwanza wa nyonga waliona kwamba sababu iliyotangulia ni kichwa cha paja kufa kwa kukosa damu. Jambo hilo huwapata hata vijana. Huwapata wenye selimundu, ugonjwa wa damu ambao watu wengi wa Kongo huuita SS. Huwapata wanywao pombe kali kwa miaka mingi. Wapenzi wa lutuku na wasikie. Huwapata pia wamezao ovyo vidonge vya deksametazoni au prednisoloni, vinavyouzwa sokoni pasipo cheti cha mganga, ili wanenepe. Vidonge hivyo ni dawa njema mkononi mwa mganga, lakini mkononi mwa mchuuzi huweza kuua mfupa polepole.

Neno moja kwa walimu na wazazi: ugonjwa wa nyonga hudanganya. Mara nyingi maumivu husikika kinenani, pengine gotini tu. Mtoto anayechechemea na kulia goti, na goti lenyewe halina kitu, apelekwe apigwe picha ya nyonga. Asiadhibiwe kwa kuchelewa darasani.

Kifaa hiki kilitoka wapi?

Mwaka 1891 mganga Themistocles Gluck wa Berlin alieleza jinsi alivyojaribu kutia viungo vilivyochongwa kwa pembe za ndovu. Katika Burma, mganga San Baw wa Mandalay alianza mwaka 1960 kuwatia wazee waliovunjika shingo ya paja vichwa vya pembe za ndovu, na wengi wao walitembea tena. Lakini njia inayofuatwa leo duniani ilifunguliwa na Mwingereza John Charnley, katika hospitali ya Wrightington. Kwanza alitumia kikombe cha plastiki iitwayo Teflon. Kilichakaa upesi, ikambidi awapasue tena wagonjwa wengi. Hakukata tamaa. Mwezi wa Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki nyingine ngumu zaidi, na kichwa kidogo cha chuma kilichoshikwa kwa saruji ya namna ya ile ya waganga wa meno. Kazi hiyo ikadumu. Charnley aliwaomba wagonjwa wake wakubali kwamba, wakiisha kufariki, kiungo kitolewe ili apate kukichunguza. Nao wengi walikubali, kwa faida ya watu wasiowajua.

Je, kifaa hudumu muda gani? Waganga waliokusanya hesabu za nchi kadhaa na kuzitoa katika gazeti The Lancet mwaka 2019 walikadiria kwamba katika vifaa 100, yapata 58 hukaa miaka 25. Kwa mzee, hiyo yatosha maisha yake. Kwa kijana, ajue kwamba huenda akapasuliwa tena siku moja.

Siku ya kuanguka

Mguu uliovunjika shingo ya paja huonekana mfupi kuliko mwenzake, na wayo hupinduka nje. Mgonjwa hawezi kuuinua. Basi msimsimamishe, wala msimvute, wala msimkande. Mlazeni chali, tieni nguo iliyokunjwa katikati ya miguu, fungeni mguu mgonjwa pamoja na mguu mzima, kisha mchukueni kwa kipoyi mpaka hospitali iliyo karibu. Msimweke mgongoni mwa pikipiki.

Hapo mganga atatazama picha na kusema. Si kila nyonga iliyovunjika hutaka kiungo kipya. Kama mfupa umekatika chini ya shingo, huenda akaufunga kwa chuma. Pengine atabadili kichwa tu, na kikombe akakiacha. Mahali pasipo vifaa, atautegea mguu uzito kwa majuma mengi mpaka mfupa uunge. Na pengine ataondoa kichwa kilichokufa asitie kingine: mguu utakuwa mfupi, lakini maumivu yatapungua na mtu ataweza kuketi na kwenda kwa gongo. Hizo zote ni njia za haki. Katika nchi zenye mali waganga hujitahidi kupasua ndani ya siku mbili. Kwetu barabara haziruhusu, lakini kila siku inayookolewa ina faida.

Kazi ya kubadili nyonga yote hufanywa katika hospitali kubwa chache. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1996. Goma kuna HEAL Africa, iliyoanzishwa na mganga wa mifupa Kasereka Lusi pamoja na mkewe Lyn. Rwanda kuna Gatagara, ambapo padri Joseph Fraipont, Mbelgiji aliyejiita Ndagijimana, alianza mwaka 1960 kuwakusanya watoto vilema, na leo pana hospitali ya mifupa. Kabla ya kufunga safari, ombeni barua ya mganga wa kwenu, ulizeni kwanza kama kazi hiyo hufanyika huko kwa sasa, na bei yote, kifaa pamoja na kitanda na dawa. Tena ulizeni hali ya njia na ya ziwa. Yeyote anayewaomba fedha njiani kwa ahadi ya "mganga rafiki yangu" mwacheni aende zake.

Kujiandaa

Ikiwa siku imepangwa, mgonjwa atumie majuma ya kungoja kwa akili. Adui mkubwa wa kiungo kipya ni vijidudu, kwa maana wakiingia juu ya chuma ni vigumu kuwaondoa. Kwa hiyo jino lililooza ling'olewe au litibiwe kwanza. Kidonda cha mguu, jipu, maumivu ya mkojo, yote yapone mbele. Sukari ya damu ipimwe, na damu yenyewe, na malaria. Mvuta tumbako aache. Mgonjwa amweleze mganga dawa zote anazotumia, hata mizizi ya porini, kwa maana nyingine huzuia damu isigande. Ndugu wawili watatu wawe tayari kutoa damu. Nao mwili ulishwe: maharage, samaki, ndakala, mayai, bugali na sombe peke yake havitoshi kujenga nyama iliyokatwa.

Ajizoeze mapema kutembea kwa magongo, maana ni shida kujifunza na kidonda. Na nyumbani kazi ni ya vijana. Kitanda kiinuliwe kwa matofali mpaka mgonjwa akiketi magoti yasipande juu kuliko nyonga. Kiti kiwe kirefu, chenye mikono. Choo cha shimo kinawataka wote wachuchumae, na kuchuchumaa ndiko kunakoweza kuchomoa kiungo kipya. Basi seremala atengeneze kiti chenye tundu cha kuwekwa juu ya shimo. Mikeka inayoteleza itolewe njiani, na taa iwe karibu kwa usiku.

Siku ya kupasuliwa na siku zifuatazo

Mgonjwa huacha chakula saa sita mbele, na maji saa mbili mbele, kama atakavyoagizwa. Mara nyingi hupigwa sindano ya ganzi mgongoni, asisikie kitu toka kiunoni kwenda chini. Hupewa dawa ya kuua vijidudu kabla ngozi haijakatwa. Kazi yenyewe huchukua yapata saa moja au mbili.

Jambo linalowashangaza jamaa ni kwamba kesho yake, pengine siku ile ile, mwuguzi humwamuru mgonjwa asimame. Msimgombeze mwuguzi kwa kumdhania mkatili. Mtu akilala tu, damu huganda katika shavu la mguu, na kipande kikipanda kifuani huua ghafula. Kwa sababu hiyo hupewa pia dawa ya kuzuia damu kugande, naye aimalize siku zote alizoandikiwa, hata akijiona mzima.

Nyuzi hutolewa baada ya siku kumi hivi mpaka kumi na nne. Ni heri akae kwa ndugu karibu na hospitali mpaka hapo, kuliko kurukwarukwa katika lori siku ya tano. Kwa majuma sita ya kwanza, na pengine hata miezi mitatu, asiiname kuokota kitu chini, asipandanishe miguu, asigeuze wayo ndani, asichuchumae. Usiku atie mto katikati ya mapaja. Kanisani aketi au asimame. Kupiga magoti kungoje ruhusa ya mganga, na jirani wa benchi asimtazame kwa jicho kali. Akipanda mlima au ngazi, mguu mzima utangulie. Akishuka, magongo na mguu mgonjwa vitangulie. Kila siku atembee kidogo kuzidi jana.

Jembe laweza kungoja miezi mitatu. Kitunga cha mihogo na mzigo wa kuni, vilivyovunja migongo ya mama zetu, visirudi tena mgongoni mwake, hata akijisikia na nguvu.

Homa, usaha, kidonda chekundu kinachozidi kuuma, shavu la mguu kuvimba, kifua kubana, au mguu kuwa mfupi tena ghafula: yote hayo ni alama za kurudi hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.

Baraza la ukoo

Limebaki neno gumu, ambalo husemwa nyuma ya nyumba. Gharama ni kubwa. Ukoo huketi, na yuko atakayeuliza: "Tuuze ng'ombe kwa ajili ya bibi kizee? Amebakiwa na miaka mingapi?" Twajua kwamba swali hilo si la ukatili siku zote, pengine ng'ombe huyo ndiye karo ya watoto. Wala hatusemi kwamba kila mzee yampasa kupasuliwa. Mwenye moyo dhaifu sana huenda mganga mwenyewe akakataa. Lakini twauliza: mbona baba akivunjika, ng'ombe huuzwa juma lile lile, na mama mjane akivunjika, baraza huahirishwa? Tena mwenye nyonga mara nyingi haulizwi neno, ingawa masikio yake ni mazima na baraza liko ukutani mwake. Aulizwe. Aelezwe hatari na faida. Kama atasema, "Niacheni," asikilizwe. Na kama atasema, "Nataka kutembea," asikilizwe vilevile.

Na ikiwa fedha hazikupatikana kabisa, bado yako mengi ya kufanya: dawa ya maumivu iliyoandikwa na mganga, kumketisha kila siku, kumfundisha kwenda kwa magongo kadiri awezavyo, kumwosha, kumgeuza, kuzungumza naye. Aliyeachwa pembeni amenyimwa hata hayo, ambayo hayauzwi.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani ili asipate vidonda vya mgongo. Wanafunzi walikate gazeti hili na kulisoma nyumbani mbele ya wazee, polepole na kwa sauti.