Naomba Kupita

Mama yangu alipotokeza kwenye mlango wa wanaowasili pale uwanja wa ndege wa Dulles, mwezi wa nne mwaka huu, alikuwa amevaa kandambili. Viatu vya safari, vipya kabisa, amevishika mkononi. "Shikamoo mama," nikamwamkia, macho yangu yako miguuni pake. Miguu imeumuka kama maandazi yaliyozidishwa hamira. Akaitika marahaba, akacheka, akasema safari ilikuwa njema, wahudumu wapole, ila chakula chao hakina chumvi.

Ilinichukua siku mbili kumtoa yaliyobaki moyoni. Alipewa siti ya dirishani. Kutoka Addis Ababa hadi hapa, safari ya zaidi ya saa kumi na tano ukihesabu na kutua njiani kujaza mafuta, alinyanyuka mara moja tu. "Mwanangu, yule baba wa watu alikuwa kalala, na kijana wa pembeni naye kalala. Ningewaamshaje?" Ili asije akalazimika kuwaamsha, hakunywa maji. Na kidonge chake cha presha, kile kinachompeleka msalani kila mara, alikiacha mkobani.

Nilikuwa nimekusudia toleo hili tuzungumzie ada za uanachama. Zitasubiri. Shule za hapa zinafungwa mwezi wa sita, nusu ya jumuiya yetu itakuwa angani kuelekea Dar, Nairobi, Mombasa na Unguja, na wazee wetu kadhaa watakuwa wanakuja huku. Ushauri wa mto wa shingoni na vizibo vya masikio kila mtu anao. Sisi tatizo letu si mto. Tumelelewa kwamba mtu mwenye staha hasumbui wenzake, na malezi hayo, ambayo barazani ni pambo, ndani ya ndege yanatuumiza.

Tuanze na hiyo miguu. Damu inayoshuka miguuni hairudi juu kwa nguvu za moyo peke yake. Misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayoisukuma kila tunapopiga hatua. Ukikaa saa nyingi bila kutembea, pampu hiyo imezimwa. Maji yanatuama, viatu vinakataa. Hilo ni la kawaida na huisha kwa siku moja mbili. La kuogopa ni damu kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake kwamba safari ya saa nne au zaidi, mtu akiwa amekaa tu, huongeza hatari hiyo takriban mara mbili. Kwa mtu mwenye afya njema bado ni hatari ndogo, kama mmoja katika watu 6,000. Lakini mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, au aliyewahi kugandiwa na damu, huyo amwone daktari kabla ya kukata tiketi; huenda akaandikiwa soksi za kubana au dawa. Na baada ya safari, hata zikipita wiki kadhaa, mguu mmoja ukivimba na kuuma huku mwingine uko salama, usikandwe kwa maji ya moto nyumbani. Nenda hospitali. Kifua kikibana na pumzi ikikata, piga simu ya dharura saa hiyo hiyo.

Dawa ya bei rahisi kuliko zote ni kunyanyuka na kutembea kidogo, kila baada ya saa moja au mbili, ukiwa macho. Ukishindwa kutoka, kunja na kunjua vifundo vya miguu kama fundi anayekanyaga cherehani. Mama yangu ameshona miaka thelathini, nilipomweleza hivyo alielewa papo hapo.

Ndipo tunaporudi kwenye staha. Wazazi wetu hawaingii nyumba ya mtu bila hodi, basi na hodi ipigwe kwenye siti. "Naomba kupita" si kero. Aliyechagua siti ya kwenye ujia anajua kwamba ataamshwa, ni kama aliyejenga karibu na kisima. Afadhali zaidi mzee mwenyewe akakae hapo kwenye ujia. Dirisha tuwaachie watoto, mzee anataka mlango.

Maji nayo. Hewa ya ndani ya ndege ina unyevu chini ya asilimia 20, na mtu wa Tanga kama mama yangu amezoea hewa inayolowesha shuka. Ndiyo maana midomo hupasuka na pua huwaka. Tembea na chupa tupu, ukishavuka ukaguzi ijaze. Halafu kuna jambo la urefu kutoka usawa wa bahari, ambalo watu wengi hawalijui. Rubani haweki ndani ya ndege hewa ya pwani. Kwenye Dreamliner na Airbus A350 hewa ya ndani ni kama ya mita 1,800 hivi, yaani umekaa Nairobi usiku kucha. Ndege nyingi za zamani hufika mita 2,400, hapo uko Addis. Kichwa kuwa kizito kidogo si ajabu. Na kwa kuwa kanieneo ya hewa imepungua, gesi yoyote iliyomo tumboni hutanuka kwa robo au zaidi. Tazama pakiti ya krispi inavyovimba huko juu, kisha uyafikirie yale maharage ya nazi uliyolishwa na shangazi jioni ya kuagwa. Shangazi hakataliki, najua. Kula kidogo tu, ushibe ukifika.

Kuhusu chumvi, mama hakukosea, wala mpishi hakukosea. Ukavu wa hewa na mngurumo wa injini hupunguza nguvu ya ulimi kuonja chumvi na sukari. Juisi ya nyanya, ambayo chini wengi hawaitaki, huko juu huwa tamu.

Sasa niseme la kutuudhi. Nafasi ya miguu katika daraja la kawaida ni inchi 31 au 32 kutoka mgongo wa siti hadi mgongo wa siti, na sisi wenyewe tunaijaza. Mabegi mawili ya kilo 23 yamekwisha kutapika, basi viatu vya binamu, simu za majirani na mafuta ya nywele ya wifi vinahamia kwenye begi la mkononi, begi halienei juu, linasukumwa chini ya siti ya mbele. Safari nzima magoti yako yanalinda zawadi za watu ambao hata hawakukuuliza umesafirije. Mwaka huu, mtu akikuagiza kitu mwambie mapema kwamba hapo chini panakaa miguu.

Kitu kimoja kisikose, nacho ni kanga. Wauzaji wa vifaa vya safari hawajatengeneza kinachoifikia. Doti moja ni shuka, ni pazia la kuzuia mwanga, na upande mmoja ukiuviringa ukauweka kiunoni unapata tegemeo la mgongo ambalo siti zile hazina. Wanaume, kikoi kipo. Dawa zote ziwe kwenye mkoba unaopanda nao, si kwenye mzigo unaokwenda chini. Wenye kisukari hasa: insulini ikiganda kwa baridi imeharibika.

Ukifika kuna kazi nyingine. Majira haya Afrika Mashariki iko mbele yetu kwa saa saba. Wageni wanaokuja kukuona saa tatu asubuhi wanakukuta mwilini mwako ni saa nane za usiku. Kuelekea mashariki ndiko kugumu, kwa sababu saa ya mwili wa binadamu hupenda kuchelewa kuliko kuwahi. Toka nje juani asubuhi za mwanzo, usilale mchana kutwa, na harusi usiikubali siku ya kwanza. (Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu. Kuna picha yangu nimesinzia meza kuu.) Na kwenye tiketi someni saa kwa makini: 23:00 ni saa tano usiku, na tayari tumempoteza mwanajumuiya mmoja aliyekwenda uwanjani saa tano ya asubuhi iliyofuata.

Kwa wazee wanaosafiri peke yao kuna msaada ambao wengi wetu hatuuombi. Ukikata tiketi unaweza kuiarifu kampuni ya ndege kwamba abiria anahitaji kiti cha magurudumu. Hakilipiwi. Mzee anapokewa, anasukumwa, anavushwa uhamiaji, na pale pa kuunganisha ndege hapotei kwenye uwanja mkubwa asioelewa lugha yake. Omba mapema, angalau siku mbili kabla. Pia mwandikie karatasi ya maneno matatu, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili: naomba maji, naomba kupita, naomba unisaidie kujaza fomu.

Na ninaleta ombi kwa kamati. Kwenye mkutano ujao tuweke daftari mlangoni, kila anayesafiri au anayepokea mzee aandike tarehe na ndege. Mara nyingi tunagundua tukiwa tumeshafika kwamba mama wa mtu alikuwa siti kumi nyuma yetu, amebana mkojo, hajui pa kuanzia. Kijana wa jumuiya akipita pale kila baada ya saa mbili na kumwambia "bibi, twende tukanyooshe miguu," hatapungukiwa kitu.

Mama anarudi Tanga mwezi wa nane. Siti yake ni ya ujiani, nimeshailipia. Karatasi ya maneno matatu ameikariri, soksi amezijaribu, kidonge ameapa atakimeza. Kilichobaki ni kile kiti cha magurudumu, ambacho anasema ni cha wagonjwa na yeye si mgonjwa, na watu wa Tanga wakimwona watasemaje. Bado tunajadiliana.