Sinema na Picha Zitokazo Ng'ambo

Msomaji wa Pwani akisikia jina la Embu, aghalabu hukumbuka muguka. Mimi hivi majuzi nilirudi na jambo jingine moyoni kutoka Kanja, soko lililo kati ya mashamba ya chai na kahawa upande ule wa Mlima Kenya.

Mama mmoja mwuza ndizi, alipojua kuwa natoka Mombasa, alinionyesha picha katika simu yake. Binti yake amesimama kando ya gari la fahari huko Uarabuni, anacheka. "Mzee," akaniuliza, "nyinyi watu wa Pwani mmekaa na Waarabu siku nyingi. Huyu mtoto wangu anaishi vizuri? Mdogo wake naye anataka kumfuata."

Kwanza nilinyamaza. Picha ile ilikuwa mlango tu, na wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Kwa maoni yangu, kuufungua mlango huo ni kazi ya sinema, na imekwisha kufanywa kwa lugha yetu. Mwaka 2003 Josiah Kibira, Mtanzania aliyekuwa akiishi Minnesota, Marekani, alitengeneza filamu ya "Bongoland". Juma, mhusika wake mkuu, haioni ile Marekani ya kwenye picha. Hana vibali, anahangaika kutafuta riziki, na anajiuliza kama si heri arudi kwao. Katika "Bongoland II" ya mwaka 2008 amekwisha kurudi Tanzania, na huko nako mambo si kama alivyotarajia.

Wala si sisi peke yetu. Albania, nchi ya Ulaya yenye Waislamu wengi, ilikaa zaidi ya miaka 40 chini ya utawala wa kikomunisti uliowafungia watu wake ndani. Utawala huo ulipoanguka, watu walimiminika nje. Agosti 1991 meli moja, Vlora, ilifika Bari, Italia, ikiwa na watu wapatao 20,000, na wengi wao walirudishwa. Miaka 10 baadaye Fatmir Koçi alitoa filamu ya "Tirana viti zero", yaani Tirana, mwaka sifuri. Humo yumo kijana mwenye lori kuukuu ambaye hataki kuondoka, ilhali mpenzi wake macho yake yote yako nje. Funzo ni kwamba safari ya ng'ambo huanzia nyumbani, katika mazungumzo ya waliobaki.

Nasi tuna sehemu yetu. Mhamaji hatumi picha ya taabu, kwa sababu anaona haya mbele ya waliomchangia nauli. Sisi nasi hatuulizi, maadamu fedha zinafika. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Fedha hizo zimejenga nyumba na kusomesha watoto, wala sikanushi. Lakini hazisemi zilivyopatikana.

Sijaona bado filamu ya Kiswahili iingiayo katika jiko la Riyadh au Doha, anamofanya kazi binti wa Kanja au wa Kilifi. Huenda sisi wa Pwani twaona haya zaidi, kwa kuwa Uarabuni tuna jamaa, na huko ndiko tuendako kuhiji. Walakini dini yetu hiyo hiyo inaamrisha mfanyakazi alipwe ujira wake bila kucheleweshwa. Kumtaja mwajiri dhalimu si kuwatukana Waarabu. Waajiri wema wapo, na filamu ya haki itawaonyesha nao pia.

Mwishowe nilimwambia mama yule: "Usimwulize binti yako kama ni mzima, maana atasema ni mzima. Mwulize analala wapi, anapumzika siku gani, na pasi yake imewekwa na nani. Akishakujibu hayo, ndipo mdogo wake aamue."

Watengenezaji wetu wa filamu nao wayaulize maswali hayo hayo, na majibu watuletee kwenye sinema.