Unene wa Wahudumu wa Zamu

Watu wengi katika wilaya za Karagwe na Kyerwa wamezoea kumtania muuguzi au dereva wa gari la wagonjwa aliyenenepa, wakisema kwamba kazi imemkubali. Zamani utani huo ungekuwa sifa. Msafiri Speke alipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, aliwakuta wake wa jamaa ya kifalme wamenyweshwa maziwa hata kusimama ni taabu, na unene wao ulikuwa fahari. Leo tunajua kwamba unene huo waweza kuleta kisukari na shinikizo la damu. Muuguzi huambiwa apunguze kula, naye hupunguza, akashinda na njaa. Baada ya miezi mitatu mizani yasema vile vile. Hapo ndipo aitwapo mlafi.

Sisi twaona kwamba lawama hiyo haina haki.

Mtu aishiye katika wasiwasi wa kazi siku zote, mwili wake hutoa kwa wingi homoni iitwayo kotisoli, ambayo humtia hamu ya vitu vitamu na kuyakalisha mafuta tumboni. Akikosa usingizi, homoni ya njaa huzidi na ile ya shibe hupungua. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa matokeo ya jaribio dogo la watu 10 wenye uzito uliozidi, waliopunguziwa chakula kwa majuma mawili. Walipopewa muda wa saa 8 na nusu za kulala, karibu nusu ya uzito walioupoteza ilikuwa mafuta. Walipopewa saa 5 na nusu, walipungua uzito ule ule, lakini mafuta yalikuwa kama sehemu moja tu katika tano. Njaa yao pia ilizidi.

Sasa na tumtazame mhudumu wetu. Usiku wa manane simu ya 115 yalia: mama mjamzito anatokwa na damu, naye yuko mbali, upande wa Murongo. Dereva aliyekesha jana hana budi kuondoka tena. Ndizi na maharage viko nyumbani. Kilicho karibu ni mandazi, soda na chai ya sukari tele. Tena hofu haiko mbali. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera tarehe 21 Machi 2023, mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa, na mwezi Januari 2025 ukazuka tena Biharamulo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka saa 45 za kawaida kwa juma, na mapumziko ya saa 12 mfululizo baina ya siku na siku. Lakini sheria hiyo hiyo yaruhusu mipaka ivukwe panapotokea dharura. Kwa watu hawa dharura ndiyo kazi yao ya kila siku! Mlango huo ukiachwa wazi, hawatapumzika kamwe.

Hatusemi kwamba kila mtu ale apendavyo. Twasema orodha ya zamu ibandikwe ukutani, ionekane nani amekesha na nani hajakesha. Chakula cha kupikwa kiwepo usiku. Na aliyetoka zamu asiitwe mpaka saa zake zitimie. Matawi ya TUGHE yaanze kuziuliza orodha hizo mwezi huu.