Gitaa Halina Uchawi



Jumapili moja, baada ya Misa, nilimkuta jirani yangu wa hapa Makomeno amesimama mlangoni pake, amekasirika sana. Gitaa la mtoto wake lilikuwa limelala mchangani, uzi mmoja umekatika. Mtoto mwenyewe, kijana wa miaka kumi na sita, alikaa kando akiangalia chini. Nikauliza, "Baba, kuna habari gani?" Akajibu, "Huyu analeta uchawi nyumbani kwangu." Akanionyesha simu ya kijana. Palikuwa na picha ya santuri ya zamani, na jina la bendi kwa Kiingereza: WITCH, yaani mchawi.

Sikucheka. Katika miji yetu ya Kongo neno hilo si mzaha. Watoto wangapi wamefukuzwa nyumbani, wakalala sokoni, kwa sababu mtu mmoja aliwaita wachawi? Mtoto akikojoa kitandani, mchawi. Baba akipoteza kazi, mtoto ndiye mchawi. Na sasa akipiga gitaa, mchawi pia! Nasema wazi: mzazi anayelitupa neno hili ovyo anamdhuru mwanawe kuliko wimbo wowote.

Basi kwanza tujue habari za santuri hiyo, maana kuhukumu kitu usichokijua ni dhuluma.

Bendi ile haikutoka mbali. Ilianzia Kitwe, ng'ambo ya Kasumbalesa, katika miji ya shaba ya Zambia, ambako wengi wetu tuna shangazi na wajomba. Wale walikuwa vijana wa miji ya migodi kama yetu. Mwimbaji wao ni Emmanuel Chanda, anayejulikana kwa jina la Jagari. Walisikiliza sana nyimbo za Uingereza, kama za Rolling Stones na Deep Purple, kisha wakaanza kutunga zao. Mwaka 1972 wakatoa santuri yao ya kwanza, Introduction, maana yake Utangulizi. Huhesabiwa kuwa santuri ndefu ya kwanza ya bendi ya Zambia kuuzwa kwa watu. Ndani yake mna nyimbo fupi nyepesi kwa namna ya Waingereza, na mna mahali ambapo gitaa la umeme linakwaruza, kinanda kinajibu, na ngoma zinawasukuma wote wawili kwenda mahali ambapo msikilizaji hakutazamia. Vyombo vilikuwa haba, lakini nia ilikuwa kubwa.

Sasa tuzitazame hoja za wanaowalaumu vijana.

Hoja ya kwanza: jina ni baya. Nakubali, jina si la kupendeza. Wenyewe walizifafanua herufi zake kwa Kiingereza kuwa "tumekusudia kuleta vurugu". Ni majivuno ya ujana, kama mtoto anayejiita simba na hajawahi kuua hata panya. Lakini jina la bendi si ibada. Mtu akiita mbwa wake Shetani, je, tutamwita padre aje kumtoa mbwa pepo?

Hoja ya pili: ni mambo ya Wazungu, si yetu. Hoja hii naipinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu inasemwa na watu wa Katanga, ambao wangepaswa kujua. Gitaa lilitoka wapi? Hata hivyo Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bunkeya, alilishika akalifanya liseme kwa sauti ya kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akazinasa nyimbo zake, na wapiga gitaa wa Afrika Mashariki yote wakamwiga. Nani leo anasema Mwenda si wetu? Tena, mwaka 1958 huko Kamina, Padre Guido Haazen na kwaya yake waliimba Missa Luba: maneno ya Kilatini, nyimbo na ngoma kwa namna ya Waluba. Je, ile haikuwa mchanganyiko? Na leo tunajivunia.

Mtakumbuka pia kwamba mwaka ule ule wa 1972 serikali ya Mobutu, kwa siasa yake ya kurudia asili, ilikataza majina ya Kikristo, na Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Tuliambiwa kwamba Yosefu na Maria si majina ya Mwafrika. Tulikataa. Tulisema kwamba kitu tulichokipokea kwa moyo, tukakikuza katika nyumba zetu, kimekuwa chetu. Basi mbona leo tunamwambia kijana maneno yale yale tuliyoyakataa sisi? Jina Jagari lenyewe limetokana na Mick Jagger wa Uingereza, lakini limepata irabu za kwetu na mdomo wa kwetu. Hivyo ndivyo kitu cha mgeni kinavyokuwa cha mwenyeji.

Wengine watasema, "Lakini waliimba kwa Kiingereza, waliiga tu." Kweli, ile ya kwanza waliiimba kwa Kiingereza. Fundi seremala naye huanza kwa kuiga kiti cha bwana wake. Kosa si kuiga, kosa ni kubaki hapo. Wao hawakubaki, katika miaka iliyofuata waliziingiza ngoma za kwao zaidi na zaidi.

Hoja ya tatu: muziki huo uliwaangamiza. Hapo watu hunikumbusha kwamba Ukimwi uliwachukua wengi wa wanamuziki wa kizazi kile cha Zambia. Ndiyo, uliwachukua. Uliwachukua pia walimu, wachimba migodi, wauguzi na makatekista. Je, chaki ndiyo iliyowaua walimu? Tuwaogope wanaougeuza ugonjwa kuwa hukumu. Na Jagari yu wapi? Alikuwa mwalimu wa muziki, kisha akachimba vito ardhini kwa mikono yake, na ni mtu anayemkiri Kristo. Mwaka 2012 kampuni moja ya Marekani ilizitoa tena santuri za bendi yake, na mwaka 2023, katika uzee wake, akatoa nyingine, Zango. Angalieni jambo hili: wageni ndio waliokitunza kile ambacho sisi majirani tulikiacha kiliwe na vumbi.

Sisemi kila wimbo ni mwema. Kuna nyimbo za matusi, na kuna mabaa yasiyomfaa mtoto. Mzazi ana haki ya kuuliza: Unapiga wapi? Unarudi saa ngapi? Wimbo huu unasema nini? Masomo je? Maswali hayo yana faida, kwa maana humlazimu mzazi kukaa na mtoto na kusikiliza. Kumwita mchawi hakumlazimu mtu kusikiliza lolote. Huo ndio uvivu ninaoushitaki.

Jirani yangu alinijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Nikamwambia, "Baba, kukunja si kuvunja." Akanyamaza kidogo. Kisha akainama mwenyewe, akaliokota gitaa, akalipangusa mchanga kwa shati lake. Akamwuliza mwanawe, "Uzi mmoja unauzwa bei gani?"

Wazazi wapenzi, swali hilo ni jema. Tuanzie hapo.