Huzuni Si Upungufu wa Imani

Sifa njema zote zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, limezoeleka jambo katika misikiti yetu ambalo hatuna budi kulisema waziwazi. Muislamu hufikwa na msiba, au hulemewa na majonzi ambayo hajui yametoka wapi. Usingizi humkimbia na chakula humshinda. Anapowaendea nduguze katika imani, hupewa moja kati ya majibu mawili. Wa kwanza humwambia ana majini, akatafute wa kumtazamia. Wa pili humwambia imani yake ni dhaifu, asubiri tu. Jibu la kwanza humsukuma kwenye shirki. La pili humtwisha hatia juu ya huzuni, hata akaona haya kuonekana katika safu za swala. Sisi tunaolingania kurejea katika Qur'an na Sunna tunalikemea sana kosa la kwanza, na twafanya vyema. Lakini la pili tunalitenda wenyewe, tena juu ya mimbari.

Jibu hilo la pili halina msingi. Qur'an inatusimulia habari za Nabii Yaakub (A.S.), aliyehuzunika kwa kumpoteza Yusuf hata macho yake yakapoteza nuru. Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya Masahaba, na mmoja wao alipostaajabu, alimfahamisha kuwa hiyo ni rehema. Nani atathubutu kusema kuwa hao walipungukiwa na imani? Hawakutufundisha kutohuzunika. Walitufundisha namna ya kuibeba huzuni: kumshitakia Mola, na kuulinda ulimi usitamke la kumchukiza.

Tumtazame pia Imamu Ghazali. Mwaka 1095 (488 Hijria) alikuwa mwalimu mashuhuri wa Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad. Ameeleza mwenyewe kuwa mwaka huo alishikwa na dhiki ya nafsi iliyodumu karibu miezi sita. Ulimi ulifungika asiweze kusomesha, chakula kikamkataa, na matabibu wakakiri kuwa maradhi yake yameanzia moyoni. Lau wingi wa elimu ungekuwa kinga ya dhiki, Ghazali angesalimika.

Wanazuoni wetu wa kale hawakuishia kukemea. Waliichunguza huzuni kama matabibu wanavyoichunguza homa. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus. Sehemu yake ya kwanza inahusu afya ya mwili, na ya pili afya ya nafsi. Humo aliigawa huzuni mafungu mawili. Ipo yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali; hiyo hutibiwa kwa fikra sahihi na maneno ya upole ya watu. Ipo isiyojulikana sababu, nayo aliihusisha na hali ya mwili, na akaona kuwa mwili nao utibiwe. Akashauri pia kuwa mtu, angali mzima, ajiwekee akiba ya fikra njema, mithili ya mwenye nyumba anayeweka dawa kabla ya kuugua.

Kabla yake, katika karne ya 9, al-Kindi aliandika risala juu ya kuondoa huzuni. Alifafanua kuwa huzuni ni maumivu ya nafsi yatokanayo na kupotewa na kipendwacho au kukosa kitakiwacho. Akapiga mfano wa abiria walioteremka chomboni njiani kwa haja zao. Waliorudi mapema walipata nafasi pana. Waliokawia kuokota mawe na maua walirudi wakabanana na mizigo yao, na maua yakanyauka na kunuka. Anayeufahamu mfano huo hataacha kulia afiwapo, lakini atajua kuwa alichonacho mkononi alipewa kwa muda.

Wapo watakaosema al-Kindi alikuwa mwanafalsafa, na falsafa imewapotosha wengi. Ni kweli, na Ghazali huyohuyo aliwajibu wanafalsafa kwa ukali pale walipoikiuka itikadi. Hata hivyo hakuzikataa hesabu na mantiki kwa kuwa tu wao walizishughulikia. Nasi tupime, tuchukue lililo sawa.

Ama tafakuri, hiyo ni ibada tuliyoisahau. Marehemu Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, aliiandikia kitabu, na ndiye pia aliyefasiri kwa Kiingereza sehemu ya nafsi ya kitabu cha al-Balkhi. Zipo njia za taamuli katika dini nyingine zinazokusudia kuinyamazisha fikra. Tafakuri ya Kiislamu huishughulisha fikra na maumbile ya Allah na hali ya nafsi, mpaka moyo utulie kwa kumjua Muumba wake. Baada ya swala ya Alfajiri, kabla ya kushika simu, mtu aketi robo saa ajiulize: Ni nini hasa kilichoniumiza? Nimepoteza nini, na nahofia nini? Lipi limo katika uwezo wangu, na lipi nimwachie Mola wangu? Maumivu yasiyo na jina humtawala mtu. Yakishatambuliwa, hupungua nguvu.

Kwa hiyo tunawaomba maimamu na walimu wetu mambo matatu. Waache kuwahukumu wenye huzuni katika hotuba. Anapowajia mwenye dhiki, wamsikilize kwanza mpaka amalize, ndipo wamnasihi. Na dhiki inapozidi, au mtu anapotamani kufa, wafuatane naye hospitali siku ileile, wala wasimwache peke yake. Kutafuta dawa hakuvunji tawakkul. Dua, tafakuri na tiba havigombani.

Tunamuomba Allah (S.W.) aiondoshe dhiki ya kila mwenye dhiki, na aifanye misikiti yetu kuwa mahali ambapo aliyevunjika moyo haoni haya kuingia. Amin.