Mstaafu Kurejea Kazini na Haki ya Pensheni Yake

Katika Kiswahili, malipo ya mkupuo apewayo mtumishi anapoondoka kazini huitwa kiinua mgongo. Istilahi hii imebeba hoja nzima ya makala haya: mgongo uliinamishwa kwanza na kazi, na kinachouinua ni ujira uliocheleweshwa, wala si hisani ya mwajiri. Chini ya Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma ya mwaka 2018, mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri asilimia 15. Kwa hiyo rai kwamba mstaafu akirejeshwa kwa mkataba asimamishiwe pensheni, eti asije akala mara mbili, haina msingi. Mkataba hulipia kazi ya leo. Pensheni hulipia ile iliyokwisha kufanywa.

Tuchukue mfano wa Kileo, wilayani Mwanga, chini ya milima ya Upare. Tumfikirie mwalimu wa shule ya msingi aliyetimiza miaka 60, umri ambao sheria humlazimu kustaafu. Maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma, tangu marekebisho ya 2018, hufika 65, kwa kuwa utaalamu wao hauzibiki upesi. Je, wa mwalimu huyu unazibika? Huenda anasema Chasu na anaelewa Kigweno, lugha ambayo wasemaji wake wengi sasa ni wazee. Humtambua mara moja mtoto anayekwama katika Kiswahili kwa sababu ya lugha ya nyumbani. Sisi wenyewe twendapo uwandani ndiye tumtafutaye. (Mara nyingi hatumlipi.)

Pingamizi moja ni zito, nami silipuuzi: vijana wengi waliohitimu ualimu wangali wakingoja ajira. Palipo na kijana wa kuijaza nafasi, hapana budi apewe yeye, na mkataba wa mzee uwe wa mwaka mmoja au miwili, wa kumwongoza mwalimu mgeni, nje ya ikama. Bila mpaka huo mikataba itageuka kuwa njia ya wakubwa kung'ang'ania ofisi. Hata hivyo, kuisimamisha pensheni ya mzee hakumpatii kijana hata kipindi kimoja cha kufundisha.

Tena wastaafu wana sababu ya kuwa na hofu. Waliotarajia nusu ya mafao yao kwa mkupuo waliambiwa mwaka 2018 kuwa watapata asilimia 25. Kanuni hiyo ikasitishwa Desemba ya mwaka huo huo, ikaja ya asilimia 33 mwaka 2022, kisha 40 mwaka 2024. Aliyeyashuhudia hayo hawezi kutia saini mkataba usiosema lolote kuhusu pensheni yake. Yafaa basi kila mkataba wa namna hii uwe na kifungu kinachotamka waziwazi kwamba pensheni ya mstaafu itaendelea kulipwa kila mwezi, bila kupunguzwa, kwa muda wote wa mkataba.